Vijana Wetu na Kazi ya Viwandani

(Maneno yaliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Runyenjes)



Halmashauri imetupa nafasi ya kuwaeleza habari za vijana wetu waendao kufanya kazi katika viwanda vya Thika, Nairobi na Athi River. Twashukuru kwa heshima hiyo. Desturi ya karani ni kusimama mbele yenu, kusoma hesabu, kisha kuketi. Hesabu ya mwaka mmekwisha kuisikia, na ndani yake palikuwa na mstari mmoja uliowafanya baadhi yenu kuguna: shilingi 12,000 zilizotolewa kwa kijana wetu aliyerudi nyumbani akiwa amekatika vidole viwili vya mkono wa kulia. Mzee mmoja aliuliza, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, kwa nini chama kilichoundwa kwa ajili ya maziko na magonjwa kinalipa deni la tajiri wa mjini. Swali hilo ni la haki. Twataka kulijibu, lakini jibu lake halimo katika kitabu cha hesabu, nasi twaomba saburi yenu.

Kwanza mtujue sisi tunaosema. Kabla ya kushika kalamu ya chama hiki tulikuwa vibarua. Tulikuwa wanne, wote wa sehemu hii ya Kagaari, tukamaliza masomo ya sekondari katika shule za misheni, na karo ya kuendelea mbele haikupatikana. Mwaka wa 2011 tukapanda gari kwenda Thika na kukodi chumba kimoja Makongeni, watu wanne, vitanda viwili, jiko moja la makaa. Kila alfajiri tulisimama nje ya lango la kiwanda kabla ya saa kumi na mbili, mnyapara akatoka na kuwanyoshea watu kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyenyoshewa alirudi chumbani kulala, kwa maana mtu aliyelala hasikii njaa sana. Basi tutakayoyasema hatukuyasoma magazetini.

Vijana hawa hawakutoroka nyumbani kwa sababu ya uvivu, kama ionekanavyo kwa wengine wetu. Mzee aliyepata ekari nne wakati mashamba yalipopimwa na kuandikishwa alizaa wana watano, na kila mwana akapewa kipande chake, na wana wa wana hao sasa wanatazamana juu ya mistari ya kahawa isiyotosha kuhesabiwa. Kahawa yenyewe, wazee mwajua kuliko sisi. Ilipokuwa na bei ilijenga nyumba za mawe hapa Runyenjes na kusomesha watu mpaka Makerere. Mwaka wa 1989 mapatano ya nchi za dunia yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na wengi wakaing'oa miti yao au wakaiacha ndani ya magugu. Chai imetusaidia huku juu karibu na msitu, na viwanda vya Mungania na Rukuriri vimewapa baadhi ya watoto wetu kazi. Lakini kiwanda cha chai huchukua watu wengi majani yanapokuwa mengi na kuwaachilia yanapopungua. Kijana wa miaka ishirini hawezi kuoa kwa kazi ya msimu.

Wala jambo hili la kwenda kutafuta mshahara mbali halikuanza na sisi. Babu zetu walikwenda Thika na Nairobi wakiwa na kipande ndani ya kijaluba cha chuma, kikining'inia shingoni, tangu miaka ya 1920. Katika kipande hicho tajiri aliandika siku mtu alipoingia kazini, mshahara wake, na siku alipoachwa. Mtu asipoandikiwa kuwa ameachwa kwa ruhusa, alikamatwa. Mwezi wa Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, askari walizunguka Nairobi katika msako ulioitwa Anvil, na Waembu, Wameru na Wakikuyu kwa maelfu wakatiwa kizuizini au kurudishwa kwa nguvu katika wilaya zao. Wako miongoni mwenu waliozaliwa katika vijiji vya wakati ule, ambao baba zao walishuka kutoka katika malori hayo wakiwa na blanketi moja tu. Mwaka huohuo wa 1954 kamati ya serikali chini ya Bwana Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika, ikakiri kwamba mshahara wa chini ulihesabiwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, na kwamba ulipasa kuwa mshahara wa kutunza jamaa nzima. Tangu siku hizo hata leo neno hilo limekuwa likisemwa kila mwaka.

Twayakumbusha haya kwa sababu moja. Wazee wetu walizichukia karatasi za kazi, nao walikuwa na haki ya kuzichukia, kwa maana karatasi ile ilikuwa kamba mkononi mwa tajiri. Chuki hiyo tumeirithi. Kijana akienda mjini leo hakuna amwambiaye, “Omba barua ya kazi.” Tunamwambia amche Mungu, asinywe pombe, atume fedha. Ni mashauri mema yote. Lakini mambo yamegeuka: zamani karatasi ilimfunga mfanyakazi, na leo aliyefungwa ni yule asiye na karatasi. Tutalirudia neno hili.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana wengi mmeona gari lakini hamjaona linavyozaliwa.

Kazi ya kuunganisha vitu kwa mfuatano, ambayo watu wa kiwandani huiita laini, ilienea duniani kutokana na mtu wa Marekani aitwaye Henry Ford. Mwaka wa 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, aliacha desturi ya kuwaweka mafundi kulizunguka gari moja mpaka liishe. Akalifanya gari litembee mbele ya watu, kila mtu akisimama mahali pake na kutenda jambo moja tu: huyu afunge nati, yule atie gurudumu. Kuunganisha kiunzi cha gari kulikochukua saa kumi na mbili na nusu kukapunguka, katika muda wa miezi michache, mpaka saa moja na dakika thelathini na tatu. Watu wakaichukia kazi hiyo. Katika mwaka ule mmoja alilazimika kuandika watu zaidi ya 50,000 ili awe na 14,000 wa kudumu, kwa kuwa waliingia asubuhi na kutoweka kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka wa 1914 akatangaza malipo ya dola tano kwa siku, zaidi ya mara mbili ya desturi. Twawaomba wazee waliangalie jambo hili. Tajiri yule hakuongeza mshahara kwa huruma. Aliuongeza kwa kuwa watu walimkimbia. Hapa kwetu watu hawakimbii. Wamejipanga langoni.

Katika Kenya, mpaka miaka ya 1970, magari mengi yaliletwa yakiwa yamekamilika. Kati ya mwaka wa 1974 na 1977 serikali ilishirikiana na kampuni za nje kuanzisha viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Leyland Kenya mjini Thika, General Motors mjini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Kile cha Thika baadaye kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na kile cha General Motors kikawa Isuzu East Africa mwaka wa 2017. Sehemu za gari huja kwa meli ndani ya masanduku. Watu hufungua masanduku, huchomelea mabati ya kibanda cha dereva, hukipaka rangi na kukikausha, hufunga injini juu ya kiunzi, hutandika nyaya, hutia vioo na viti, kisha gari hushuka likitembea kwa nguvu zake lenyewe kwenda kujaribiwa. Magari mengi ya abiria mnayoyapanda kwenda Embu na Meru yalianza hivyo, kiunzi na injini kutoka kiwandani, kisha mafundi wengine wakayajengea mwili.

Kazi hizo zilikuwa na heshima. Wako watu wa rika la baba zetu waliofanya kazi huko Thika miaka ishirini na kitu, wakajenga, wakasomesha, wakarudi na malipo ya uzeeni. Lakini katika miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, yakamiminika Mombasa. Nani atanunua gari jipya ikiwa la zamani ni nusu ya bei? Hata sisi wanachama tulio na magari, tuseme kweli, hatukununua yaliyounganishwa Thika. Viwanda vikapunguza watu. Mwezi wa Desemba 2016 Volkswagen ilirudi kuunganisha magari Thika, na watu wakashangilia. Lakini waliopata kazi hawakuwa wengi kama shangwe ilivyokuwa kubwa.

Binti zetu wamekwenda njia nyingine, ile ya Athi River. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje iliwekwa mwaka wa 1990, na Marekani ilipopitisha mwaka wa 2000 sheria ya kuruhusu nguo za Afrika kuingia kwao bila ushuru, viwanda vya kushona suruali na mashati viliota kama uyoga baada ya mvua. Makumi ya maelfu ya watu wakapata kazi, walio wengi wanawake. Huko nako ni laini. Mmoja hushona ukosi, wa pili mkono, wa tatu mfuko, na kila saa kuna idadi iliyowekwa ambayo sharti itimie. Binti wa mwanachama mmoja alirudi nyumbani wakati wa Krismasi baada ya miaka mitatu ya kushona. Mama yake akampa kitambaa ili amshonee mdogo wake sare ya shule. Yule binti akacheka, kisha akanyamaza, akasema, “Mama, mimi najua mfuko wa kushoto tu.” Cherehani nyumbani hawana, na hata kama wangekuwa nayo, ile ya kiwandani ni ya umeme na ya kazi moja.

Mwezi wa Januari 2003, mara tu baada ya serikali mpya kuingia, wafanyakazi wa viwanda hivyo waligoma kwa wingi. Walilalamika juu ya mshahara, kazi ya ziada ya kulazimishwa, na kukatazwa kuingia chama cha wafanyakazi. Baadhi walifukuzwa, baadhi walipata nafuu. Kisha tarehe 1 Januari 2005 mafungu ya nguo yaliyowekwa na nchi tajiri yaliondolewa, nchi za Asia zikauza bila kizuizi, na viwanda kadhaa vya hapa vikafunga milango. Tena sheria ile ya Marekani ilifikia mwisho wa muda wake mwezi wa Septemba 2025, na wenye viwanda wakaingia wasiwasi. Maana yake ni kwamba mkate wa binti aliyepanga chumba Athi River hutegemea kura za Bunge lililo ng'ambo ya bahari, ambalo halimjui wala halijaisikia Runyenjes.

Lakini tusipake kila kitu masizi. Kiwanda hufundisha. Sisi wanne tulijifunza kufika kwa saa, kupima kabla ya kukata, na kutunza chombo kisicho chetu. Mmoja wetu alijifunza kuchomelea chuma mpaka akapata cheti cha majaribio ya ufundi, naye leo ana karakana yake hapa mjini. Milango ya nyumba zenu wengine wenu imetoka mikononi mwake. Na ile fedha ya mshahara, ijapokuwa ndogo, hufika kila mwezi bila kungoja mvua. Hakuna mzee hapa ambaye simu yake haijalia mwisho wa mwezi ikamletea fedha za dawa au mbolea. Kwa hiyo hatusimami hapa kusema vijana wasiende. Watakwenda.

Basi turudi kwa vidole viwili.

Yule kijana ni mmoja wetu sisi wanne. Tulipotawanyika, yeye alibaki mjini, akahama kiwanda hiki na kile, mpaka akaingia mahali panapotengenezwa vitanda na viti vya chuma. Jina la kiwanda hatutalitaja, maana hatukuja hapa kushitaki. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kutoboa bati: mkono huweka bati, mguu hukanyaga, chuma hushuka. Mara moja kila dakika, siku nzima. Mashine ilikuwa na kinga ya mbele, lakini kinga ilichelewesha kazi, ikaondolewa na kuwekwa ukutani ambako wote waliiona. Siku hiyo alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo. Mguu ulikanyaga kabla ya mkono kutoka.

Walimpeleka hospitali, wakalipa kitanda cha siku ya kwanza, na mnyapara akampa shilingi elfu tatu na maneno mazuri. Akaambiwa apumzike nyumbani, akipona atarudi. Alipopona akarudi, akakuta mtu mwingine amesimama kwenye mashine, na karani wa kiwanda akafungua kitabu asilione jina lake. Miaka miwili alikuwa ameandikwa wiki kwa wiki. Kila mwezi ukikaribia kwisha, yeye na wenzake waliambiwa wapumzike siku tatu, kisha wakaanza upya kama wageni. Hakuwa na barua ya kazi. Hakuwa na karatasi ya mshahara, kwa kuwa alilipwa mkononi. Hakuwa amekatiwa fedha za akiba ya uzeeni. Mbele ya macho ya kitabu kile, hakuwahi kuwapo.

Alirudi nyumbani akakaa kimya, kwa aibu. Kijana aliyetoka nyumbani na mikono miwili hapendi kuonyesha mmoja uliopungua. Alikuwa akiutia mfukoni, hata kanisani. Sisi, ambao tulilala naye chumba kimoja, tulipata habari baada ya miezi kumi na mitano. Shikeni hesabu hiyo, miezi kumi na mitano.

Sheria ya nchi inasema nini? Ipo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007. Yasema kwamba mfanyakazi akiumia kazini, tajiri lazima atoe taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu apate habari. Akifa mtu, ndani ya saa ishirini na nne. Yasema kila tajiri awe na bima ya jambo hilo. Yasema gharama za matibabu ni za tajiri. Na kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, fidia huhesabiwa juu ya mishahara ya miezi tisini na sita, kwa kadiri ya sehemu ya ulemavu ambayo imethibitishwa. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mshahara ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara tisini na sita ni shilingi 1,440,000. Ikithibitishwa kwamba ulemavu ni sehemu kumi katika mia, fidia ni shilingi 144,000. Sheria haiulizi kama mtu ni kibarua au wa kudumu; anayefanya kazi kwa malipo ni mfanyakazi. Lakini yasema pia kwamba madai yapelekwe ndani ya miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali.

Miezi kumi na miwili, na sisi tulipata habari baada ya kumi na mitano.

Basi yule mzee aliyeuliza kwa nini chama kinalipa deni la tajiri, huu ndio ukweli wake: chama kilitoa shilingi 12,000 mahali ambapo mtu mwingine alipaswa kutoa zaidi ya mara kumi ya hizo, na kosa la kuchelewa ni letu pia. Laiti mtu mmoja katika chama hiki angaliuliza habari zake mwezi wa pili au wa sita! Tulimtoza ada yake kila mwezi kwa simu, naye akalipa hata alipokuwa hospitalini, tumeona katika kitabu. Tulipokea fedha yake wala hatukumwuliza yu hali gani. Hilo latuuma kuliko mguno wa mzee.

Yako mengine katika sheria ambayo vijana wetu hawayajui. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yasema kibarua akiisha kufanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake ni mwezi mmoja, au akiwa katika kazi isiyotazamiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Ana haki ya kupewa notisi na haki nyinginezo. Ndiyo sababu ya zile siku tatu za kupumzika. Si huruma, ni hila ya kuvunja hesabu. Na mtu akiwa na ushahidi kwamba alikuwa akirudishwa mahali palepale miaka miwili, huweza kuipinga hila hiyo mbele ya mahakama ya kazi. Yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Yasema mama aliyejifungua apewe miezi mitatu na mshahara wake wote, na mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Anayeacha kazi apewe cheti cha utumishi. Kima cha chini cha mshahara kwa kazi isiyo ya ufundi mjini Nairobi, kwa agizo lililoanza Novemba 2024, kiliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila nyumba. Katika miji midogo ni pungufu. Na Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama cha wafanyakazi. Vyama hivyo vipo: wa vyuma wana chao, na washonaji wana chao. Baadhi ya viongozi wake hulala usingizi, hatukatai. Hata hivyo, mtu mwenye kadi ya chama akiumia, yuko angalau mmoja anayejua namba ya fomu.

Haki zote hizi zaanza na swali moja: waweza kuonyesha kwamba ulifanya kazi pale? Hapo ndipo tunaporudi kwenye kipande cha babu zetu. Karatasi ile ilikuwa ya tajiri, ikalindwa na askari. Karatasi ya leo ni ya mfanyakazi, na kwa kuwa ni yake hakuna anayeilinda isipokuwa yeye na watu wake. Watu wake ni akina nani, ikiwa si sisi?

Kwa hiyo Halmashauri inaleta mbele yenu pendekezo, nanyi mtalipigia kura leo alasiri. Ofisi ya chama ifungue kitabu cha wafanyakazi wa mbali. Kila mwanachama aliye na mwana au binti katika kiwanda aandikishe jina, mji, kazi, na siku ya kuanza. Kijana mwenyewe atume picha ya barua ya kazi ikiwa anayo, na ya karatasi ya mshahara. Asiyekuwa nayo aandike katika daftari lake kila siku aliyofanya kazi, jina la mnyapara, na malipo, na kila mwezi atupelekee nakala kwa simu. Ujumbe wa simu unaomwita kazini auhifadhi, asiufute. Karani atampigia kila mmoja simu mara moja kwa miezi mitatu. Kama mtu ameumia, tutamwandikia tajiri barua wiki hiyohiyo, na mtu wa Halmashauri atampeleka kwenye Ofisi ya Kazi kabla jeraha halijapona. Nauli ya safari hizo itoke katika mfuko wa magonjwa. Tumekadiria shilingi 20,000 kwa mwaka, na hiyo ndiyo sababu ya kuongeza ada kwa shilingi kumi kila mwezi.

Twajua wako wanaolipinga. Wamesema kwamba vijana wa mjini hulipa ada kwa kurukaruka, na kwamba chama ni cha wanaoishi hapa na kuzikana hapa. Twawajibu kwa adabu: tumehesabu daftari la mwaka huu, na karibu kila jeneza tulilolisafirisha, gari lake lililipwa kwa michango iliyotoka mjini. Wamesema pia kwamba karani anajitafutia kazi. Hilo ni kweli kidogo. Kazi itaongezeka, na mshahara wa karani hautaongezeka. Mweka Hazina yuko hapa, atawathibitishia.

Yule kijana mwenyewe yumo humu ndani. Ameketi nyuma karibu na mlango. Ametupa ruhusa ya kuieleza habari yake ikiwa hatutalitaja jina, ijapokuwa nusu yenu mnalijua. Halmashauri imemwomba awe msaidizi wa kitabu hicho, kwa kuwa maswali ya kuulizwa kijana aliye kiwandani yeye anayajua kuliko sisi: kama mashine ina kinga, kama kinga imefungwa au imewekwa ukutani, kama amelala usiku. Amekubali. Ameanza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na kurasa mbili za kwanza za kitabu amekwisha kuzipigia mistari.

Kura ikipita, kitabu kitafunguliwa Jumamosi ijayo saa nne asubuhi katika ofisi ya chama. Mje na jina kamili la mtoto kama lilivyo katika kitambulisho, namba yake ya simu, na jina la kiwanda. Wasiojua jina la kiwanda wampigie mtoto leo jioni wamwulize.